Bwana Miti na Njia ya Juu

Mwaka 1957, nikiwa na miaka tisa, wezi waliingia boma la baba kule upande wa Butiama wakaondoka na ng'ombe wote. Hawakuacha hata ndama. Baba alifuata nyayo mpaka zikapotea kwenye mawe, akarudi, akakaa chini, na tangu siku hiyo hakusimama sawasawa. Mimi nikatolewa shule nikiwa darasa la pili. Tukahamia Mugango kwa mjomba, ziwani, kwa watu ambao sisi wa ng'ombe tulikuwaga tunawacheka kwamba wananuka samaki. Nikanuka samaki na mimi. Nikajifunza kuunda mitumbwi, kwanza kwa kushika ubao mwingine akipiga msumari, halafu kwa kupiga msumari mwenyewe. Shida zangu zilianzia hapo, na sitaki kuzieleza zaidi, maana ninayemwandika hapa si mimi.

Ninamwandika Bwana Miti. Jina alikuwa nalo, na watoto wake wapo, lakini Musoma nzima tulimwita hivyo na yeye aliitika hivyo. Alikuwa mtumishi wa serikali upande wa miti, kama Bwana Shamba alivyokuwa upande wa pamba. Alizaliwa wapi na kwa nani, sikuwahi kumuuliza. Nilipomjua alikuwa mtu mzima tayari, kofia ya kaki, kaptula inayofika magotini, soksi zilizovutwa juu hata siku ya jua kali. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, nimeshafungua karakana yangu pale Mwigobero, jirani na soko la samaki, na nilikuwa najiona sana. Bado najiona. Mtu aliyeanza na nyundo ya kuazima ana haki.

Alitembea akiangalia juu. Ndiyo kitu cha kwanza ambacho mtu yeyote wa Musoma atakuambia. Wewe unatembea ukiangalia usije kukanyaga mavi ya mbuzi. Yeye alitembea kidevu kikiwa mbele, anasoma matawi. Kwa hiyo aligonga watu, baiskeli na nguzo. Pale Mwigobero wanawake wanaanika dagaa chini, na zaidi ya mara moja nilimwona akipita katikati ya dagaa kama mtu anayevuka mto.

"Bwana Miti," mama mmoja alimwambia, "chini nako wanakaa watu."

Alivua kofia, akainama, akaomba radhi kwa adabu kabisa, akaokota dagaa mmoja mmoja aliokuwa amewavunja. Kisha akavaa kofia, akainua kidevu, akaenda zake vilevile.

Miti aliisema kama watu. Hakusema "huu mti umezeeka." Alisema, "Huyu amezeeka." Kuhusu mkuyu uliojaa matunda alisema, "Huyu yuko karibu kujifungua, msimpigie kelele." Akiingia karakana yangu alikuwa anashika mbao nilizonunua, ananusa, anauliza, "Huyu alitoka wapi?"

"Ameletwa na lori kutoka Tarime."

"Maskini."

Siku moja nikachoka. Nikamwambia, "Bwana Miti, ukililia kila ubao unaoingia hapa, sitaunda mtumbwi hata mmoja. Watu watakwenda ziwani wakipanda nini, msiba?"

Akasema, "Fanya kazi yako, kijana. Mimi nasalimia tu."

Hapo ndipo tulipopatana. Mimi simpendi mtu anayekasirika haraka, na yeye nilikuwa namchokoza kila siku hakasiriki. Isipokuwa kwa mbuzi. Mbuzi akikaribia miche yake, yule mtu mpole alirusha jiwe kama askari. Mbuzi mmoja wa mchungaji wa kanisa lao alimrudia mara nyingi sana. Mwishowe mchungaji akaja kumtafuta mbuzi wake, akamkuta Bwana Miti anakula nyama, akakaribishwa, akala. Jumapili iliyofuata mahubiri yalihusu jirani.

Na nyumbani kwake hapakuwa na mti. Hili watu hawaliamini. Alikaa Kamunyonge, nyumba ya serikali, uani peupe kama kiganja, pamefagiwa, jua linachoma. Nilipofika mara ya kwanza nilidhani nimepotea njia. Nikamuuliza mkewe, "Mama, Bwana Miti anakaa hapa kweli?"

"Anakaa."

"Miti iko wapi?"

"Mti unaleta nyoka," akasema mkewe. "Nilimwambia siku ya kwanza, achague mti au mimi."

Bwana Miti alikuwa ameketi pale pale akinywa uji. Akafuta mdomo, akasema, "Nikachagua," akaendelea na uji.

Sasa nieleze kuhusu kichaka, maana bila kichaka hutamjua.

Kati ya soko la Mwigobero na barabara palikuwa na kipande cha ardhi chenye mawe makubwa, yale mawe yetu ya Musoma yanayozidi nyumba, na katikati ya mawe ilikuwa imeota mikuyu, mikwaju na mvule mmoja mkubwa. Barabarani ardhi ilikuwa juu, halafu ikateremka kuelekea ziwani. Ndege wa ziwani walikuwa wanalala humo kwa mamia, na harufu yao uliijua kabla hujafika. Watu wa mjini walipaita pori. Lakini ukoo mmoja wa wenyeji ulikuwa unapatunza tangu mababu. Walipaombea mvua. Ardhi ya humo ilikuwa haikanyagwi na mguu wa mtu, isipokuwa mguu wa mtunzaji mmoja tu, na mtunzaji wa wakati huo alikuwa bibi mzee sana, mwembamba, mwenye kunusa tumbaku. Sisi wote tulimwita Bibi. Hata wasioamini mambo hayo, hata walokole, walizunguka. Nami nilikuwa nazunguka.

Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio. Kila mtu alikuwa anajenga kwa kujitegemea. Kamati ya mji ilitaka ofisi mpya, ofisi ilitaka matofali, matofali yalitaka tanuru, na tanuru lilitaka kuni. Kuni za karibu zilikuwa zimesimama pale kwenye kichaka, kubwa na nyingi. Mwenyekiti wa kamati hakuwa mtu mbaya. Alitaka ofisi isiyovuja. Alimwita Bwana Miti akamwambia mbele yetu, maana mimi nilikuwa pale kutengeneza madawati:

"Ndugu, mahali ambapo watu hawaingii, mjini, panaitwa pori. Pori linafyekwa. Wewe unasema ni bustani. Bustani ni ya watu. Nionyeshe watu ndani ya kichaka kile siku ya sikukuu ya Uhuru, nami sitagusa hata tawi. Nisipowaona, ni kuni."

"Nimesikia, Ndugu Mwenyekiti."

"Si kwamba nakuchukia."

"Najua."

Alitoka pale akiangalia chini. Nilimfuata kwa sababu sikuwahi kumwona akiangalia chini. Nikamwambia jambo lisilo la maana, nadhani nilimwambia hata miti ya Bunda ni mizuri. Akaniambia, "Yule mvule alikuwa mkubwa kabla Mjerumani hajafika hapa. Nitamwambia nini?"

Mtu mwingine angekwenda kwa Bibi na kumpa maneno ya serikali. Bwana Miti alikwenda na tumbaku. Alikaa naye pembeni ya kichaka, kwenye jiwe la barabarani, siku hata siku, karibu msimu mzima wa kiangazi. Niliwapita asubuhi nikienda karakana, nikawapita jioni nikirudi. Wakati mwingine hawakuwa wanasema lolote. Baadaye aliniambia kwamba Bibi alimpa masharti yake siku moja kwa mara moja, kama mtu anayetema mbegu: mguu wa mtu usiguse ardhi ya ndani, ardhi isichimbwe, chuma kisiingie kwenye mti. Akamaliza kwa kumuuliza, "Sasa wewe, mwanangu, bustani yako utaiweka wapi?"

Akamjibu, "Juu, Bibi."

Alikuja kwangu siku hiyohiyo. Akasimama mlangoni, anapumua kwa nguvu. "Fundi," akasema, "unaweza kuunda mtumbwi usiokwenda popote?"

"Naweza kuunda chochote. Nani atapanda?"

"Watu wote."

Akachukua mkaa akachora juu ya ubao wangu mzuri, ubao niliokuwa nimeupiga randa tayari, na sikumzuia. Aliyochora ilikuwa njia ya mbao. Inaanzia juu ya lile jiwe la barabarani na inakwenda sawa, haipandi wala haishuki. Ni ardhi inayoshuka chini yake. Kwa hiyo mtu anatoka barabarani kwa mguu wake wa kawaida, anatembea, na bila kupanda ngazi anajikuta yuko kwenye matawi, kwa ndege. Halafu njia inapinda kwenye mvule na kurudi barabarani kwa upande mwingine.

"Weka ngazi hapa," nikamwambia, "utapunguza mbao."

"Bibi hawezi ngazi. Na wanawake wa beseni kichwani hawapandi ngazi."

Nguzo zote zilisimama juu ya mawe. Hatukuchimba shimo hata moja, na miguu yetu ilikanyaga mawe na mbao tu. Tulichonga kitako cha kila nguzo kifuate umbo la jiwe lake, kama unavyochonga taruma, ule ubavu wa ndani, lifuate tumbo la mtumbwi, na kazi hiyo nakuambia hakuna fundi wa nyumba angeiweza. Mawe hayakukaa kwenye mstari, basi na njia haikukaa kwenye mstari. Ilikwenda huku, ikarudi kule. Watu waliosimama barabarani waliuliza kama fundi amelewa. Niliwajibu kwamba fundi hanywi, waulize mawe.

Upana alitaka kuupata kwa njia yake. Tulikwenda sokoni, akawaomba kina mama wawili wajitwike mabeseni ya dagaa, wakutane uso kwa uso, wapishane. Yeye alikuwa katikati na kamba.

"Bwana Miti," mmoja akasema, "unatupimia sanda?"

"Nawapimia njia."

"Njia ya wapi?"

"Ya kule kichakani."

Wakashusha mabeseni. Yule mwingine akasema, "Pima tu, baba, lakini mimi kule siingii." Na wenzake wakaitikia hivyo hivyo. Niliona uso wa Bwana Miti. Alikunja kamba polepole, akawashukuru, tukaondoka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kujua kinachotusubiri. Njia ningeijenga. Nani angeipita?

Kulikuwa na tawi moja la mkuyu limekatiza pale njia inapopita, kimo cha paji la uso. Nikasema tulikate, ni dogo. Akakataa. Nikamwambia watu wazima watagonga. Akasema watainama. Nikamwambia, "Mwenyekiti hainami."

"Basi atagonga."

Niseme ukweli, kazi ile niliipenda kuliko kazi yoyote niliyofanya. Mbao tulizipata kwa kubembeleza, nyingine ni za mitumbwi iliyokufa. Nilizipanga ubavu kwa ubavu, kila ubao ukabusu mwenzake. Pembeni, na kama kizingiti kwenye ncha zote mbili, nikainua mbao za kuzuia mtoto asiteleze. Na kwenye kila mshono nikashindilia pamba. Pamba ya Bunda, nzuri, nyeupe, nimeichovya mafuta, nimeipiga kwa patasi ya mbao mpaka ikaingia ikawa kitu kimoja. Sijawahi kuacha upenyo kati ya mbao mbili maishani mwangu. Sisi tuliofundishwa Mugango, ukimwonyesha mwalimu wako mbao mbili zenye mwanga katikati anakupiga na tezo, upande wa mpini, maana upenyo ule ni mtu anayekufa kule majini.

Bwana Miti alikuja, akavua viatu na soksi, akapita juu yake kwa unyayo, taratibu, akipapasa. "Kazi safi, fundi," akasema. "Hata maji hayapiti."

"Hayapiti," nikasema. Nikavimba.

Wala hatukuona. Fundi wa mitumbwi na mtu wa miti, tumesimama pale tunafurahia.

Siku moja kabla ya sikukuu ya Uhuru mvua ikanyesha, ile mvua ya Desemba inayotoka ziwani kama ukuta. Ilinyesha tangu alfajiri mpaka karibu adhuhuri. Ilipokatika nikaenda kuangalia kazi yangu nikiwa na furaha. Bwana Miti nilimkuta amesimama kwenye jiwe la barabarani, mikono nyuma. Nikasimama ubavuni mwake. Njia yetu ilikuwa imejaa maji. Imejaa mpaka kwenye ukingo, mzunguko mzima, kutoka jiwe hadi mvule hadi jiwe, na haikuvuja hata tone. Bata wa jirani alikuwa tayari anaogelea.

Halafu nikasikia gari la kamati, na Mwenyekiti akashuka. Alikuwa amekuja kukagua mapema. Akakunja suruali, akaingia majini hatua chache ili aone mbele, akagonga lile tawi. Akarudi, ameshika paji la uso.

"Ndugu," akasema, "mimi nilikuruhusu njia. Umenijengea josho la ng'ombe."

Bwana Miti aligeuka, akavua kofia akiutazama mvule. Machozi yalikuwa yanamtoka. Nilitaka kusema kwamba kosa ni langu, lakini wala halikuwa kosa, ilikuwa kazi nzuri mahali pasipo pake.

Kilichofuata kililetwa na kicheko. Mama mmoja wa dagaa alikuwa amefuata gari kuona kuna nini. Akaona bata. Akamwona Mwenyekiti na nundu yake. Akacheka mpaka akakaa chini, akaita wenzake. Wakaja kina mama wa Mwigobero kumi, ishirini, sijui, wakajipanga barabarani wakicheka, na mimi nilitaka ardhi inimeze.

"Fundi," mmoja aliniita, "hii inapigwa makasia au tanga?"

Bwana Miti akaniuliza kwa sauti ndogo, "Tukitoa pamba?"

"Maji yatatoka. Lakini yatadondoka ardhini, na vumbi la miguu ya watu litadondoka nayo. Bibi je?"

Bibi alikuwa pale pale amejifunika gunia. Akamtazama Bwana Miti kama unavyomtazama mtoto anayekuuliza kama jua litachomoza. "Mvua inaangukaga humu tangu zamani," akasema. "Nani aliikataza? Mimi nilikataza miguu."

Nikavua viatu nikaingia na patasi nikaanza kung'oa pamba. Kazi ya siku nyingi kuitia, na kuing'oa peke yangu isingeisha kabla ya sikukuu. Yule mama aliyecheka zaidi ndiye aliyekuja kwanza. Alichomoa msumari kwenye kreti ya samaki, akajifunga khanga kiunoni, akaingia majini nyuma yangu, bado anacheka. "Hebu sogea, fundi. Sisi tunashona nyavu, kufumua tunajua." Halafu mwenzake. Halafu wote. Walikaa kwenye mstari mrefu juu ya njia, miguu imening'inia kwenye matawi, wanachokoa pamba, wanaitupia kwenye mabeseni, wanaimba na kunitukana. Maji yakaanza kushuka kwa mistari mamia, chini yetu kote, kama mvua ya pili. Ndege wakaruka wakarudi.

Ilipofika jioni kazi ilikuwa imekwisha na hakuna aliyeondoka. Walikuwa wamekaa. Mmoja ananyonyesha. Wengine wanakula matunda ya mkwaju waliyoyachuma kwa kunyoosha mkono tu. Nadhani walikuwa wamesahau kwamba wanaogopa. Mwenyekiti alikuwa amesimama barabarani muda wote ule, hakwenda ofisini.

Akamwambia Bwana Miti, "Naona watu."

"Ndiyo, Ndugu Mwenyekiti."

"Sikukuu ni kesho. Lakini nimeshaona." Akagusa nundu yake. "Lile tawi likatwe."

"Hapana," akasema Bwana Miti.

Mwenyekiti akapanda gari. Matofali ya ofisi walikwenda kuyachomea kwingine.

Kwa miaka ile ya mwanzo njia ilikuwa haikosi mtu. Wachumba, wanafunzi wanaosoma, wazee wanaosubiri boti. Wanawake wa beseni waliigeuza njia yao ya kwenda barabarani, wanapishana bila kugusana. Bibi alikuwa anapita kila asubuhi na mkongojo, anatazama ardhi yake kwa juu. Bwana Miti mwenyewe alikuwa anaipita mwendo wa kawaida, kidevu juu, na ilikuwa sehemu pekee hapa Musoma ambapo hakugonga kitu. Lile tawi alikuwa analiinamia bila kuliangalia.

Nisimfanye malaika. Vijiji vya ujamaa vilipokuja walimhamishia Bunda, kusimamia miti ya vijiji vipya. Nilikwenda kule kununua pamba ya mitumbwi yangu, nikamkuta amesimama kwenye shamba la kijiji lililo wazi mpaka machoni panauma, watu wanafyeka migunga na yeye ndiye anayewaonyesha wapi pa kufyeka. Miti aliyoiita huyu na hawa ilikuwa imelala mirundo.

Mimi sina subira. Nikamwuliza mbele ya watu, "Bwana Miti, ni wewe huyu?"

"Ni mimi."

"Kule ulilia kwa mvule mmoja."

Akanitazama. Alikuwa amekonda. "Watu hawa wamehamishwa wakiwa na watoto na masufuria," akasema. "Msimu huu wasipolima, watakula nini, kivuli?" Halafu akaongeza, na hakuwa ananiambia mimi, "Nimeacha mistari miwili kule mtoni. Wameniahidi."

Tulikula pamoja ugali wa mtama kwa samaki wa kukaushwa niliomletea. Nilirudi Musoma nikiwa nimemkasirikia, na hasira ile ilichukua muda kwisha. Nilikuwa kijana. Nilidhani mtu ni kitu kimoja.

Miaka ikapita. Ikaja miaka ile ya madukani hakuna kitu, hakuna sabuni, hakuna misumari. Njia ikaanza kupotea. Leo ubao mmoja, kesho miwili. Waliochukua nawajua, na wao wanajua ninawajua. Walitengeneza milango na vitanda, wengine walizikia watu wao. Nguzo zikafuata. Miti haikuguswa. Bibi alikuwa amekufa, na mjukuu wake wa kike, mama wa makamo, ndiye alikuwa mtunzaji. Lakini nadhani miti haikuguswa kwa sababu mji ulikuwa umeshaizoea. Mtu aliyewahi kukaa kando ya tawi na mtoto ananyonya hawezi tena kuliona tawi lile kama kuni.

Basi siku moja, mchana, basi la Bunda limeshusha watu, naona mzee anakuja karakana kwangu na mkongojo. Anaangalia chini. Nilimjua kwa soksi. Macho yalikuwa yameingia ukungu na mguu mmoja ulikuwa mbaya. Alisema anataka kuiona njia.

"Haipo, Mzee," nikamwambia. "Waliimaliza."

Akakaa juu ya gogo langu. Halafu akauliza lile jambo jingine, na niliona alivyoshika mkongojo akiliuliza. "Na wao?"

"Wapo wote. Mvule yupo."

"Usinidanganye kwa sababu nimezeeka."

"Mimi nimewahi kukudanganya lini?"

Nikampeleka polepole mpaka kwenye lile jiwe la barabarani. Yule mjukuu wa Bibi alikuwa pale anafagia majani. Nikamweleza huyu ni nani. Akapiga goti kidogo, akamsalimia, "Shikamoo, baba." Halafu akasema, "Bibi alinisimulia kuhusu wewe. Ingia tu. Wewe ingia, ukanyage. Mimi ndiye mtunzaji, nimekuruhusu."

"Marahaba, mama. Asante," akasema Bwana Miti. "Lakini nilimwahidi yeye."

Alibaki juu ya jiwe, uso ameuelekeza kule kwenye majani, anakodoa. Nadhani alikuwa haoni ila kijani. Mkuyu wa karibu ulikuwa hauko mbali, labda urefu wa mtumbwi mmoja mkubwa, na mawe mawili katikati.

Karakanani nilikuwa na mbao za mvule za mtumbwi mpya, oda ya mtu wa visiwani, nimeshazipasua na kuzipiga randa, zinasubiri tu misumari. Wakati ule mbao kama hizo ulizitafuta mwaka mzima. Nikaenda kuzichukua, nikawaita vijana wangu. Tukazitandika kutoka jiwe hadi jiwe, mpaka kwenye shina. Tuliziweka tu, bila msumari, na niliziachanisha kidogo.

"Pita," nikamwambia. "Nimekushika."

Alivua viatu. Akavua na soksi, zile soksi, akazikunja akanipa nizishike. Akapita juu ya mbao kwa unyayo mpaka kwenye mkuyu, akaweka kiganja. Akaweka na shavu. Nilikuwa nimemshika kwapani, nasikia anavyopumua. Mjukuu wa Bibi alikuwa ameacha kufagia.

Nilidhani atasema neno kubwa. Alinusa gome, akabandua kipande kwa ukucha, akapapasa chini yake.

"Huyu ana wadudu," akasema. "Upande huu. Mwambie yule mama ampake majivu kabla ya mvua."

"Nitamwambia."

"Usisahau."

Akasimama tena kwa muda, hana haraka, kisha tukarudi. Nilimpandisha basi la jioni. Alikufa Bunda mwaka uliofuata, na nilikwenda kuzika.

Leo nina nyumba ya bati yenye vyumba vitano, Kamunyonge. Nina mke mmoja na watoto saba walio hai. Nina shamba la mihogo Mugango. Nina misumeno mitatu, tezo mbili, na redio. Nina mtumbwi mmoja, wa mbao zile nilizomtandikia Bwana Miti. Yule wa visiwani nilimtafutia mbao nyingine, akanisubiri, akanitukana, nikanyamaza. Wengi wamekuja kuuulizia mtumbwi huu. Hauuzwi.